Kizimba Hakina Kona

Fundi viatu mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Kengele, aliamini kwamba duniani kuna michezo miwili tu: ngumi, na upuuzi. Mpira wa miguu aliuweka kwenye upuuzi, mbio vilevile, na siku aliposikia kwamba kuna watu wanalipwa kwa kucheza karata, alicheka mpaka msumari aliokuwa ameubana mdomoni ukamdondokea mapajani.

Jina la Kengele hakulipata kwa heshima. Ujanani alikuwa bondia, na katika pambano lake kubwa kuliko yote alipigwa kama mkeka unaokung'utwa vumbi. Kila alipokaribia kulala chini, kengele ya kumaliza raundi ililia ikamwokoa. Alifika mwisho akiwa amesimama, macho hayaoni mbele, na mashabiki wakatoka wakisema aliyepigana vizuri siku hiyo ni kengele. Mtu mwingine angenuna. Yeye alilichukua jina akalivaa kama koti, na alipofungua ukumbi wake wa mazoezi akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: KWA KENGELE. Wapita njia wengine walidhani ni shule.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kirefu nyuma ya karakana ya seremala. Mifuko ya kupigia aliishona mwenyewe kwa ngozi za mabuti yaliyokosa wenyewe, na kamba za ulingo alizivisha ngozi ya viti vya magari chakavu. Vumbi la mbao lilipenya ukutani, na mabondia wakipigana walikuwa wanapiga chafya. "Anayepiga chafya amefumba macho," Kengele aliwafokea, "na aliyefumba macho ameshapigwa." Mchana alishona viatu kibandani kwake kando ya barabara. Jioni alifunga kibanda, akanawa mikono gundi ambayo haikuwahi kutoka yote, akaenda kuwafundisha watu kupigana kwa adabu.

Kulikuwa na wakati ukumbi ule ulijaa mpaka watu wanapokezana mifuko. Kisha ukaja mchanganyiko.

Mchanganyiko ndilo jina watu walilolipa lile pambano la ngumi, mateke, mieleka na kukabana, yote kwa pamoja, ndani ya uzio wa waya. Uliingia mtaani kwa simu. Kwanza vijana walikuwa wanainamia simu na kuguna, baadaye wakaanza kutupiana mateke vituoni, na hatimaye hata kinyozi wa jirani, mtu mzima mwenye wajukuu, akabandika picha za wapiganaji wa mchanganyiko juu ya kioo chake. Kinyozi huyu alikuwa rafiki wa Kengele wa miaka mingi, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumuudhi.

"Kengele, mchezo wako umezeeka," alimwambia siku moja, akiwa amekuja kufukuza usingizi wa mchana. "Ngumi tupu ni sawa na kumnyoa mtu nusu kichwa. Mchanganyiko mtu anapiga, anabeba, anaangusha, anakaba. Kazi kamili."

"Mchanganyiko ni wa saruji na mchanga," Kengele alijibu bila kuinua macho kwenye kisigino. "Na ukizidisha mchanga, nyumba inaanguka."

"Mbona watu wanajaa?"

"Hata kwenye ajali watu wanajaa."

"Haya. Na mbona kwako hawajai?"

Kengele akainua macho. "Kipya kinyemi ingawa kidonda. Subiri kidonda kianze kuuma. Halafu niambie, wanapigania wapi? Kizimbani! Kizimba ni cha kuku, au ni cha mshitakiwa. Mtu mwenye akili zake anaingiaje kizimbani kwa hiari?"

Kinyozi alicheka, lakini hakuachia hapo. "Nikwambie kinachowaua? Kwenu kila mtu ni bingwa. Mikanda mingi kuliko viuno. Na wale wawili ambao watu wanataka kuwaona wakipigana wanakwepana mpaka wanapata mvi. Kwenye mchanganyiko, aliye bora anapewa aliye bora, watu wanaona, wanarudi nyumbani wameridhika."

Hilo Kengele alijua kuwa ni kweli tupu. Alichukua msumari akaupigilia kwenye kiatu ambacho hakikuuhitaji.

Kilichomuuma zaidi ya maneno ya kinyozi ni kile alichokiona kwa macho yake. Pambano la mwisho la ngumi aliloliandaa, waliokuja walikuwa ndugu wa mabondia, na waliozidi walikuwa wameingia kujikinga na mvua. Juma lililofuata, kwenye ukumbi uleule wa mji na viti vilevile, mchanganyiko ulijaza watu mpaka madirishani. Alipita nje akasikia paa likitetemeka kwa kelele, akaharakisha hatua kama mtu anayepita nyumba ya mkewe wa zamani siku ya harusi.

Bado alikuwa na Dobi, na Dobi peke yake alitosha kumfanya afungue mlango kila jioni.

Dobi alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake aliyefariki mtoto akiwa bado mdogo wa kubebwa. Kengele na mkewe, ambaye alikuwa mkunga na hakuogopa mtu, walimlea wakawa hawakumbuki tena kwamba hawakumzaa. Sasa alikuwa mwanamke mzima, anafanya kazi kwenye duka la kufulia nguo, na kunyanyua mablanketi mabichi kutwa nzima kulikuwa kumempa mabega ambayo mabondia wa kiume waliyaangalia kwa wivu. Jina la Dobi lilianzia kazini, lakini ulingoni ndiko lilikokolea. "Dobi anafua!" mashabiki walipiga kelele akianza kurusha mikono. "Dobi, anika!"

Kengele alimfundisha tangu akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Alimfundisha kwamba mkono wa kushoto unauliza na wa kulia unajibu, na kwamba miguu ndiyo inayopiga, ngumi ni mjumbe tu. Lakini somo lake kubwa, lile alilolirudia mpaka likawa wimbo, lilikuwa moja. "Mwenzio akianguka, mpe mgongo. Nenda kona, tulia, subiri. Aliyeanguka si wako tena, ni wa mwamuzi." Mfuko ukikatika kamba ukadondoka, mwanafunzi alitakiwa kwenda kona. Mtu akiteleza akaanguka, wote kona. Mke wa Kengele alizoea kusema kwamba sufuria likidondoka jikoni, Dobi anageuka na kwenda kusimama karibu na kabati.

Sasa ikawa wapinzani wa Dobi wanakwisha. Mabinti aliokuwa anapigana nao walihamia mchanganyiko mmoja mmoja. Pambano likipangwa, Dobi anajinyima, anapima uzito, anafika, mpinzani hayupo. Mara ya kwanza waliambiwa mgonjwa. Mara ya pili, amesafiri. Mara ya tatu hawakuambiwa kitu.

Siku chache baadaye Dobi alikuja kibandani akiwa bado na harufu ya sabuni ya kazini. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akakunja mikono.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Nina neno. Nikisema usinikate kalima."

"Sema."

"Nimeanza mazoezi kule kwa watu wa mchanganyiko."

Kengele aliendelea kuvuta uzi, lakini sindano ilikuwa imesimama. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema mwishowe.

"Mbacha wangu umetoboka, Mjomba. Mara tatu nimepima uzito, mara tatu nimerudi nyumbani na glavu zangu kavu. Unataka nizeeke nikipiga mfuko?"

"Ngumi haijafa."

"Sijasema imekufa. Nimesema mimi sina wa kupigana naye."

Angesema nini? Angeweza kusema pole. Angeweza kusema ngoja tufikiri pamoja. Lakini hasira ikishatangulia, akili huja nyuma ikihema, na Kengele akasema, "Basi ukiingia humo kizimbani, usiniite tena kocha."

"Sawa," Dobi alisema taratibu. "Na mjomba je, nikuite?"

Kengele alikigeuza kiatu mkononi, akakitazama soli. Dobi alisubiri. Alipoona jibu haliji, alinyanyuka, akajikaza kisabuni, akaondoka bila kuangalia nyuma.

Tangu siku hiyo hakuja kula nao Jumapili kama alivyozoea. Nyumba ikapoa. Mkunga aliendelea kupakua sahani tatu, halafu kuirudisha moja kabatini, na alihakikisha mumewe anasikia mlango wa kabati ukifungwa.

Kengele alijaribu kwa njia yake. Vidole vyake vilikuwa vinene na vigumu kwa kazi, herufi za simu zikimponyoka kama sangara, kwa hiyo kila alipozidiwa na upweke alimtumia mpwa wake ujumbe wa neno moja: *Rudi.* Dobi hakujibu. Juma la pili akatuma tena: *Rudi.* Akatuma mara nyingi.

Mkewe alipouona ujumbe huo alibaki mdomo wazi. "Neno moja? Mbuzi mwenyewe anaitwa kwa maneno mawili!"

"Ameelewa."

"Ameelewa nini? Hapo unamwita au unamwamrisha? Ungeandika hata 'tumekukumbuka.'"

"Ni refu," Kengele alisema.

Habari za pambano zilikuja na kinyozi, ambaye alizileta kama mtu anayeleta mtoto mchanga, kwa mikono miwili. Dobi atapigana pambano lake la kwanza la mchanganyiko, Jumamosi, alasiri, ukumbi wa mji. Mpinzani wake ni mwanamke mmoja dereva wa lori, mrefu, ambaye akimshika mtu hamwachii. Kengele alisema Jumamosi ana viatu vingi. Mkewe alinunua tiketi mbili bila kumuuliza.

"Mimi nakwenda kumtazama mwanangu," alisema. "Wewe ukipenda baki na viatu, mfarijiane."

Akaenda. Na tuseme ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe aliusema baadaye: Kengele alikwenda kumwombea Dobi ashindwe. Si aumie, Mungu apishe mbali. Ashindwe tu, vya kutosha kumrudisha nyumbani.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Kengele alitegemea kukuta wahuni, akakuta watu. Kulikuwa na mabinti wa vyuo, akina mama na mikoba yao, baba mmoja amembeba mtoto begani, na nesi aliyekuja na sare ya kazini. Kulikuwa na furaha humo ndani ambayo yeye aliijua vizuri, maana alikuwa ameiona zamani, na ilimchoma kuikuta imehamia nyumba nyingine. Katikati kilisimama kizimba, uzio mweusi wa pande nane. Kinyozi alijibana pembeni yake na kuanza kumfafanulia sheria.

"Najua," Kengele alisema.

"Hujui kitu. Tulia nikufundishe."

Dobi alipoingia, Kengele alishangaa jinsi glavu zilivyokuwa ndogo, vidole viko nje. Fundi ndani yake alitamani kuzishika aone mshono. Pambano lilipoanza alishangaa zaidi, kwa sababu alichokiona mle kizimbani kilikuwa chake. Mkono wa kushoto unauliza. Kichwa kinahama. Miguu haivukani. Dereva alijaribu kumrukia miguuni, Dobi akasogea kando kidogo tu, kama anayempisha mtu mlangoni, na kumwachia ngumi ya shavu. Kengele hakujua kwamba mabega yake mwenyewe yalikuwa yanacheza, mpaka mkewe alipomwambia aache kumsukuma.

Ndipo mkono wa kushoto ukauliza mara mbili, na wa kulia ukajibu. Dereva alianguka chali. Ukumbi mzima ulisimama.

Na Dobi, mwanafunzi bora wa Kengele, akafanya alichofundishwa. Alimpa mgongo. Aliteremsha mikono, akaanza kutembea kwa heshima kwenda kona.

Sasa kona gani? Kizimba kina pembe nane, maana yake hakina hata kona moja. Dobi alifika kwenye uzio, akakosa pa kusimama. Akaufuata uzio hatua chache, akitazama huku na huku kama mtu aliyesahau alipoegesha baiskeli. Mwamuzi alimtazama asimwelewe. Hakuna aliyehesabu moja wala mbili, kwa sababu kwenye mchezo ule aliyeanguka hahesabiwi, pambano linaendelea. Kicheko kilianzia viti vya mbele, kikapanda mpaka nyuma. Chini pale, dereva alikuwa ameshageuka anatafuta magoti yake.

Kengele alisahau alichokuja kuomba. Alisahau mchanganyiko, saruji na mchanga. Alipanda juu ya kiti, mtu mzima na mvi zake, na kupiga kelele kwa sauti iliyofundisha watu kwa miaka mingi. "Rudi! Dobi, rudi! Rudi, mwanangu, rudi!"

Katika ukumbi uliojaa sauti, Dobi aliisikia ile moja. Akageuka, lakini hakugeukia kwa dereva. Aligeukia vitini, akamtafuta mjomba wake, akamwona juu ya kiti. Uso wake ulikunjamana kwa uchungu. Akatikisa kichwa: hapana.

Dereva alimvaa kwa nyuma wakati kichwa kikiwa bado kinatikisika. Wakaenda chini wote. Mkono mrefu ulipita shingoni mwa Dobi, ukafunga, na baada ya kuhangaika kidogo Dobi alimgonga mwenzake mkononi, ishara ya kusema yatosha. Mwamuzi akaingia kati. Ikawa imekwisha.

Kengele alikuwa amepewa alichokiomba. Alishuka kwenye kiti polepole. Kinyozi alimshika mkono asianguke.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa stoo ya mafagio na ndoo. Dobi alikaa juu ya kreti, taulo lenye barafu shingoni. Karibu naye alisimama mwalimu wake wa mchanganyiko, mwanamke mpole mwenye masikio yaliyovimba kwa mieleka. Mkunga aliingia kwanza, akamkumbatia Dobi, akamkagua macho, shingo na vidole kama anavyowakagua wanawake waliojifungua wodini. Kengele alibaki mlangoni.

"Shikamoo, Mjomba," Dobi alisema. Adabu ilikuwepo, joto halikuwepo.

"Marahaba."

"Hata pale, Mjomba? Hata pale ulishindwa kunisubiri nimalize? Simu haikutosha, mpaka uje uniite mbele ya watu wote?"

"Nikuite wapi?"

"'Rudi, rudi!' Watu wote wamesikia. Nimekusikia, nimekwambia hapana, nikakabwa. Umefurahi?"

Kengele alisimama akatafuna maneno yale. Kisha yakamfunukia yote kwa pamoja. "Mungu wangu. Dobi, nilikuwa nakwambia umrudie yule mwanamke! Alikuwa chini! Umrudie umalize kazi!"

Bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye ndoo.

"Wewe?" Dobi alisema. "Wewe uniambie nimrudie mtu aliyeanguka?"

"Sijui lilitoka wapi. Lilitoka tu."

Aliyeanza kucheka ni mkunga. Alishika fagio ili asianguke. "Miezi yote unamtumia mtoto neno moja," alisema huku machozi yanamtoka, "na siku lilipokuwa na maana nyingine, angejuaje? Nilikwambia uongeze la pili! Nilikwambia!"

Dobi alijaribu kununa, ikamshinda. Kicheko kilimuumiza shingo, akalia "aii," akacheka zaidi. Mwalimu wake alitazama ukutani kwa heshima. Na Kengele, akiwa bado mlangoni na kofia mkononi, alisema lililokuwa linamchoma.

"Mwanangu, nilikuja kukuombea ushindwe. Nilidhani ukishindwa utarudi. Ulipomwangusha yule nikasahau yote, nikataka ushinde. Sasa umeshindwa, na kosa ni langu mara mbili. Kona nilikufundisha mimi, na kelele nimepiga mimi. Nisamehe."

Dobi hakusema amesamehe, lakini alisogea kwenye kreti, akamwachia nafasi ya kukaa.

Ndipo mwalimu wa mchanganyiko akakohoa kidogo. "Mzee, ule mkono wa kulia ni wewe uliyemfundisha?"

"Nani mwingine?"

"Wanafunzi wangu wana miguu, wana nguvu, wanajua kukaba. Lakini mikono yao inafukuza nzi. Njoo utufundishe."

"Kizimbani siingii."

"Mazoezini hatuna kizimba. Tuna mikeka tu."

Kengele alisema atafikiri. Alifikiri mpaka Jumanne, halafu akaenda.

Mlangoni alitakiwa avue viatu. Fundi viatu kuvuliwa viatu, hilo nalo alilimeza. Ndani alikuta watu wengi kuliko aliowaona kwake kwa misimu kadhaa: mlinzi wa benki, mama mmoja na binti yake, mafundi bomba wawili, wanafunzi, na kijasho cha kutosha kumfanya ajisikie nyumbani. Aliwapanga mistari, akawaambia ngumi ni mjumbe, miguu ndiyo mwenyewe. Wakacheka, wakajaribu, wakakosea, wakajaribu tena. Walikuwa na njaa ya kujua. Miaka ile yote alidhani watu wamezikimbia ngumi, kumbe hata huku walizitaka, ila hapakuwa na wa kuwapa. Mazoezi yalipokwisha, mama na binti yake walimfuata wakamuuliza kama kuna mahali mtu anaweza kujifunza ngumi peke yake. Kengele aliwaelekeza karakana ya seremala kwa urefu usiohitajika, kona kwa kona, na kesho yake wakaja kweli, wakapiga chafya pamoja na wengine.

Kwa hiyo ikawa baadhi ya jioni yuko kwake, na nyingine yuko mikekani. Kinyozi alimwita msaliti, akajibiwa kwamba bei ya kumshonea viatu imepanda.

Lakini palibaki jambo moja. Mwalimu alimwomba amfundishe Dobi nini cha kufanya mpinzani akianguka, maana pambano la pili lilikuwa linakuja, na Kengele akakataa katakata.

"Hilo siwezi," alisema. "Siku ile lilinitoka, sikatai. Lakini kulifundisha kwa kinywa changu, kwamba mtu yuko chini na wewe umwendee, siwezi. Nimefundisha kinyume chake maisha yangu yote."

"Si lazima kumpiga, Mjomba," Dobi alisema. "Lala hapa nikuonyeshe."

"Nilale?"

"Lala."

Alilala. Wanafunzi wakajisogeza taratibu, wakijifanya wanakunja taulo. Dobi alikaa nyuma yake, akapitisha mkono shingoni mwa mjomba wake, pole kabisa, kama anayemfunga skafu.

"Nitabana kidogo. Ukiona yatosha, nigonge."

"Nikugonge wapi?"

"Popote. Mkononi, begani. Ni kusema basi."

Akabana. Haikuuma, ila pumzi ilipungua, na Kengele akaganda. Kwa maisha yake yote ya ulingoni hakuwahi kusema basi. Kwenye ngumi, basi husemwa na wengine: mwamuzi, daktari, mtu wa kona mwenye taulo. Bondia mwenyewe hana namna ya kulisema isipokuwa kwa aibu, naye aibu hakuitaka. Sikio lake la kushoto lilikufa hivyo, ingawa nyumbani alisema ni uzee. Sasa alikuwa anakaza shingo, amekunja uso, anasubiri jambo ambalo halitakuja.

"Mjomba," Dobi alimnong'oneza kwenye sikio zima, "asiyekubali kushindwa si mshindani. Gonga."

Alifikiria sahani iliyokuwa inarudishwa kabatini. Alifikiria jinsi alivyokitazama kiatu badala ya kumjibu mtoto wa dada yake, na kwamba angeweza kuendelea kukitazama mpaka kufa. Akainua mkono wenye gundi, akamgonga Dobi mara mbili, polepole.

Mkono ulifunguka kabla ya pigo la pili kutua. Hewa ikaingia. Alilala pale akitazama taa za darini, na hakuna aliyecheka wala aliyehesabu.

"Umeona?" Dobi alisema. "Mtu anasema basi, anaachiwa. Anainuka mzima, wanakumbatiana, wanakwenda nyumbani."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Kengele alivuta hewa mara mbili. "Tumekukumbuka, mwanangu," alisema, bado kalala chali. "Nimekukumbuka sana. Lilikuwa refu kuandika."

"Na mimi niliwakumbuka."

"Jumapili uje ule."

"Nitakuja, Mjomba."

Akajipangusa macho kwa kiganja, akakaa, akaitazama ile mikono ya mpwa wake kwa udadisi wa fundi anayeona mshono mpya.

"Haya, lala wewe sasa, ni zamu yangu," akamwambia. "Huu mkono wa chini unapita wapi?"

Dobi alilala, akaushika mkono wa mjomba wake, akamwonyesha.